Majina Mawili, Sehemu Moja: Lakabu katika Kumbukumbu ya Kompyuta na Mwendo wa Programu

Shabaha ya Somo

Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya C huambiwa mapema kwamba kompyuta hutekeleza maagizo yake moja baada ya jingine, kwa utaratibu ule ule alioyaandika. Kauli hiyo ni kweli kwa upande wa jibu linalopatikana, lakini si kweli kwa upande wa namna kazi inavyofanyika. Baina ya maandishi ya mwanafunzi na mashine yenyewe ipo programu nyingine, iitwayo kompaila, ambayo hufasiri maandishi hayo yawe maagizo ya mashine. Kompaila nzuri haifasiri neno kwa neno. Hufuta hesabu zinazorudiwa bila sababu, hupanga upya mfuatano wa kazi, na hukusanya kazi ndogo ndogo ili zifanywe kwa pamoja. Sharti lake ni moja tu: jibu lisibadilike. Kazi hiyo huitwa uboreshaji.

Makala haya yanaeleza kizuizi kimoja kikubwa cha uboreshaji. Mara nyingi kompaila haiwezi kujua kama majina mawili yaliyomo katika programu yanataja sehemu mbili za kumbukumbu au sehemu moja. Sehemu moja ikiwa na majina zaidi ya moja, tutasema kuwa ina lakabu. Baada ya somo hili msomaji ataweza kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini lakabu hupunguza mwendo wa programu; kuonyesha kwa hesabu ya mkono jinsi lakabu inavyobadili jibu; na kuandika programu iliyo nyepesi bila kupoteza usahihi wake. Kwa shule zisizo na kompyuta za kutosha, kalamu na karatasi vyatosha kulifuata somo lote.

Lakabu ni Nini?

Tuanze na mfano ulio nje ya kompyuta. Katika Jiji la Arusha, kwenye Barabara ya Boma, lipo jengo la kale lililojengwa zama za utawala wa Wajerumani. Watu huliita Boma. Jengo hilo hilo ndilo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mwenyeji anajua kwamba Boma na Makumbusho ni mahali pamoja; mgeni hajui.

Sasa tuseme karani mgeni amepewa maagizo matatu, tena kwa maandishi:

1. Tazama rangi ya ukuta wa Makumbusho, uiandike.
2. Nenda ukapake ukuta wa Boma rangi nyeupe.
3. Toa taarifa: ukuta wa Makumbusho una rangi gani?

Karani mvivu atasema, "Rangi ya Makumbusho nimekwisha kuiandika katika agizo la kwanza, sina haja ya kwenda tena." Kama Boma na Makumbusho yangekuwa majengo mawili, karani huyo angekuwa ameokoa safari, na taarifa yake ingekuwa sahihi. Kwa kuwa jengo ni moja, taarifa yake ni ya uongo. Karani mwangalifu asiyeujua mji hana budi kurudi akatazame upya kila mara, hata pale ambapo safari yake haina faida yoyote. Atakuwa mkweli, lakini atachelewa.

Kompaila ni karani huyo mgeni. Mbele yake yapo majina tu, wala haina mwenyeji wa kumwuliza.

Kumbukumbu, Anwani na Vielekezi

Kumbukumbu ya kompyuta ni mfano wa safu ndefu ya visanduku, kila kimoja kikiwa na namba yake. Namba hiyo huitwa anwani. Lugha ya C humruhusu mwandishi wa programu kushika anwani yenyewe na kuihifadhi kama anavyohifadhi namba nyingine yoyote. Kitu kinachohifadhi anwani ya kitu kingine huitwa kielekezi. Hakuna kinachozuia vielekezi viwili kushika anwani moja. Hapo ndipo lakabu inapozaliwa.

Kitovu cha kompyuta, yaani prosesa, hakifanyi hesabu ndani ya kumbukumbu. Hufanya hesabu katika vyumba vichache vya ndani viitwavyo rejista. Namba iliyomo ndani ya rejista hupatikana papo hapo. Namba iliyomo katika akiba ndogo iliyo karibu kabisa na prosesa huhitaji, katika prosesa nyingi za leo, mapigo manne au matano ya saa ya mashine. Namba iliyomo katika kumbukumbu kuu huweza kuhitaji mapigo mia kadhaa. Kwa hiyo kompaila hupenda namba inayotumika mara kwa mara isomwe mara moja, iwekwe katika rejista, na itumiwe kutoka humo hadi kazi iishe. Hilo ndilo jambo ambalo lakabu hulizuia.

Mfano: Miinuko ya Mlima Meru

Njia ya kuupanda Mlima Meru huanzia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hupita kibanda cha Miriakamba, kisha kibanda cha Saddle, na kuishia kileleni. Miinuko ya vituo hivyo kutoka usawa wa bahari, kwa makadirio ya mita, ni hii:

mwinuko[0], lango la Momella: 1500
mwinuko[1], Miriakamba: 2510
mwinuko[2], Saddle: 3570
mwinuko[3], kileleni: 4566

(Msomaji akumbuke kwamba lugha ya C huanza kuhesabu nafasi za safu kutoka sifuri.)

Tuseme tunataka kujua kila kituo kiko juu kiasi gani kutoka lango la Momella. Hatuna budi kupunguza mwinuko wa Momella katika kila namba. Mwanafunzi aandika hivi:

void punguza(int *mwinuko, int *msingi, int n)
{
    int i;
    for (i = 0; i < n; i++)
        mwinuko[i] = mwinuko[i] - *msingi;
}

Maana yake ni hii: kwa kila nafasi i, soma mwinuko[i], soma namba iliyopo pale ambapo kielekezi msingi kinaelekeza, toa ya pili kutoka ya kwanza, kisha andika jibu mahali pa mwinuko[i]. Baada ya hapo mwanafunzi aita programu yake hivi:

punguza(mwinuko, &mwinuko[0], 4);

Yaani amesema kwamba msingi ni ile ile namba ya kwanza ya safu, mwinuko wa Momella. Kwa macho ya binadamu ombi hilo ni la haki kabisa. Hebu tulifuate hatua kwa hatua, kama lilivyoandikwa.

Hatua ya kwanza: 1500 kutoa 1500 ni 0. Jibu laandikwa katika mwinuko[0].
Hatua ya pili: prosesa yasoma 2510, kisha yasoma msingi. Msingi ni mwinuko[0], ambao sasa ni 0. Jibu ni 2510.
Hatua ya tatu: 3570 kutoa 0 ni 3570.
Hatua ya nne: 4566 kutoa 0 ni 4566.

Jibu lililopatikana ni 0, 2510, 3570, 4566. Jibu alilolitaka mwanafunzi ni 0, 1010, 2070, 3066. Msingi umejifuta wenyewe katika hatua ya kwanza, na hatua zote zilizofuata zimetoa sifuri.

Sasa tuone kingetokea nini kama kompaila ingeamua kusoma msingi mara moja tu, kabla ya mzunguko kuanza, na kuuweka katika rejista. Rejista ingebaki na 1500 muda wote, na jibu lingekuwa 0, 1010, 2070, 3066. Hapa pana jambo la kushangaza: njia ya haraka ingetoa jibu alilolitaka mwanafunzi, na njia ya polepole yatoa jibu aliloliandika. Hata hivyo kompaila haina ruhusa ya kufuata njia ya haraka, kwa kuwa haisomi nia ya mtu. Inasoma maandishi yake. Maandishi yanasema msingi usomwe katika kila mzunguko, na ikiwezekana kwamba mwinuko[i] na msingi ni sehemu moja, kusoma mara moja na kusoma mara nyingi ni mambo mawili tofauti.

Hasara ya Mwendo

Tuchukue safu yenye namba 1000 badala ya nne, tulinganishe njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya tahadhari, ambapo kompaila inahofia lakabu. Kila mzunguko una kusoma mara mbili na kuandika mara moja. Jumla ni kusoma mara 2000 na kuandika mara 1000.

Njia ya pili ni ya kusoma msingi mara moja. Jumla ni kusoma mara 1001 na kuandika mara 1000.

Njia ya tatu yatumia uwezo wa prosesa za kisasa wa kufanya hesabu kwa mafungu. Prosesa nyingi za leo zina rejista pana za biti 256, na namba nzima ya kawaida katika C ina biti 32. Kwa hiyo namba nane huingia katika rejista moja na kutolewa kwa pamoja, kwa agizo moja. Namba 1000 ni mafungu 125. Jumla ni kusoma msingi mara moja, kusoma mafungu mara 125, na kuandika mafungu mara 125.

Ni dhahiri kwamba hasara kubwa haimo katika kule kusoma msingi upya. Msingi huwa katika akiba ya karibu, na kuusoma si ghali mno. Hasara kubwa ni kwamba hofu ya lakabu hufunga mlango wa njia ya tatu. Huwezi kupunguza namba nane kwa pamoja ikiwa jibu la namba ya kwanza huenda likabadili msingi wa namba ya pili. Kazi ambayo ingefanywa na kikosi kizima inabaki kufanywa na mtu mmoja mmoja, kila mmoja akimngoja aliyemtangulia. Lakini msomaji asidhani kwamba njia ya tatu itakuwa na kasi mara nane kila siku. Safu ikiwa kubwa kuliko akiba, kumbukumbu kuu ndiyo itakayoamua mwendo.

Kompaila Inavyotafuta Uhakika

Kompaila haikai tu na hofu yake, hupeleleza. Upelelezi wake una njia kuu tatu.

Kwanza, huangalia mambo yaliyo wazi ndani ya programu. Kitu kilichoundwa ndani ya kijiprogramu, na ambacho anwani yake haikupewa mtu yeyote, hakiwezi kuwa na lakabu. Kompaila hukiweka katika rejista bila wasiwasi.

Pili, hutumia aina za vitu. Kanuni za lugha ya C zinasema kwamba kitu kilichohifadhiwa kama namba nzima kisisomwe kupitia kielekezi cha namba zenye desimali, wala kinyume chake. Kwa hiyo vielekezi viwili vikiwa vya aina mbili tofauti namna hiyo, kompaila ina haki ya kuamini kwamba haviwezi kukutana. Aina ya char imeachwa nje ya kanuni hiyo, kwani hutumika kusoma kumbukumbu baiti kwa baiti. Kompaila ya GCC huitumia kanuni hii inapoombwa kuboresha kwa kiwango cha pili au zaidi. Si wote wanaoipenda: waandishi wa kiini cha mfumo wa Linux huizima kwa makusudi, kwa kuwa kazi yao huwalazimu mara nyingi kutazama kumbukumbu ile ile kwa aina tofauti.

Tatu, kompaila huweza kuandaa njia mbili ndani ya programu moja. Wakati programu inapotembea, anwani hulinganishwa kwanza. Zikiwa mbalimbali, hufuatwa njia ya mafungu. Zikiwa zinagongana, hufuatwa njia ya tahadhari. Mbinu hiyo husaidia sana, lakini ukaguzi wenyewe una gharama, na programu hurefuka.

Upelelezi huo una kikomo. Programu kubwa huwa na faili nyingi zinazofasiriwa mbalimbali. Kompaila inapofasiri kijiprogramu punguza, huenda haimwoni kabisa atakayekiita. Basi hurudi kwenye tahadhari.

Ahadi ya Mwandishi

Ikiwa kompaila haiwezi kujua, basi mwandishi amwambie. Hapa ndipo historia ya lugha za kompyuta inapotupa mafunzo.

Lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, ilikusudiwa hesabu za kisayansi. Kanuni zake zilizotangazwa mwaka 1978 zinasema wazi kwamba vitu viwili vinavyopewa kijiprogramu visiwe vya sehemu moja ikiwa kimojawapo kitabadilishwa. Yaani katika Fortran ahadi ni ya kila mtu, tangu mwanzo. Kompaila yake haina haja ya kuhofu, na hiyo ni sababu mojawapo ya lugha hiyo kudumu katika hesabu nzito. Mfumo wa WRF wa kutabiri hali ya hewa, unaotumika katika nchi nyingi, umeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Fortran. Mifumo kama huo ndiyo hukokotoa, kwa mfano, jinsi upepo wenye unyevu unavyomwaga mvua katika miteremko ya kusini ya Meru na kuziacha nchi za kaskazini ya mlima zikiwa kavu. Hesabu za namna hiyo ni mizunguko juu ya safu kubwa, nazo hufaidika sana na njia ya mafungu.

Lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichagua uhuru. Kielekezi chochote chaweza kuelekea popote. Kamati iliyotayarisha kanuni rasmi za lugha hiyo ilipendekeza neno la kutoa ahadi, noalias. Mwaka 1988 Ritchie mwenyewe alilipinga vikali, kwa hoja kwamba maana yake ilikuwa na kasoro na lingewatega waandishi. Neno hilo likaondolewa, na kanuni za mwaka 1989 zikatoka bila hilo. Miaka kumi baadaye, katika kanuni za mwaka 1999, liliingizwa neno jingine lenye maana iliyopangwa kwa makini zaidi: restrict. Kwa neno hilo kijiprogramu chetu huanza hivi:

void punguza(int *restrict mwinuko, int *restrict msingi, int n)

Mwandishi ameahidi kwamba, muda wote kijiprogramu kinapofanya kazi, hakuna namba itakayobadilishwa kupitia jina moja na kusomwa kupitia jina jingine. Kompaila sasa iko huru kusoma msingi mara moja na kufuata mafungu.

Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitolewa mwaka 2015, imekwenda mbali zaidi. Humo kanuni ni kwamba mwenye ruhusa ya kubadili kitu awe peke yake. Wakati huo hapana mwingine anayekisoma. Kompaila yenyewe hukagua, na programu ya kawaida inayovunja kanuni hukataliwa. Inafaa kutaja kwamba hata kwa lugha hiyo, uboreshaji unaotokana na kanuni hii ulizimwa kwa miaka kadhaa na kurudishwa mwaka 2021, kwa sababu sehemu ya ndani ya kompaila, iliyorithiwa kutoka mradi wa LLVM, ilikuwa na kasoro za kushughulikia lakabu. Waandishi wa C walikuwa wakitoa ahadi hiyo kwa nadra, hivyo kasoro zilikaa muda mrefu bila kuonekana.

Ahadi ya Uongo

Neno restrict si ombi la kukaguliwa. Kompaila huliamini. Mtu akitoa ahadi hiyo kisha akaita punguza(mwinuko, &mwinuko[0], 4), kanuni za C hazisemi jibu litakuwa nini. Huenda likawa 0, 1010, 2070, 3066. Huenda likawa 0, 2510, 3570, 4566. Huenda likabadilika siku kompaila itakapobadilishwa au kiwango cha uboreshaji kitakapopandishwa. Hakuna onyo lililo lazima. Programu huweza kufaulu majaribio yote mezani na kukosea kazini.

Mambo hayo yamekwisha kutokea. Maktaba ya lugha ya C ina vijiprogramu viwili vya kunakili kumbukumbu. Kimoja, memcpy, hudai kwamba mahali pa kutoka na mahali pa kwenda pasigongane. Cha pili, memmove, hukubali kugongana. Kwa miaka mingi waandishi wengine walikuwa wakitumia memcpy pasipostahili, na kazi ikaendelea vizuri kwa bahati tu, kwa kuwa unakili ulianzia mwanzo kwenda mwisho. Mwaka 2010 maktaba ya glibc ilipewa memcpy mpya yenye kasi zaidi, ambayo katika baadhi ya prosesa ilinakili kutoka mwisho kurudi mwanzo. Katika mfumo wa Fedora 14, sauti za programu ya Flash ya kampuni ya Adobe zikaanza kukwaruza. Memcpy haikuwa imevunja kanuni. Ahadi ndiyo iliyokuwa imevunjwa siku zote.

Msomaji aweza kulithibitisha hilo kwa miinuko yetu. Tunataka kuiondoa Momella na kusogeza namba tatu zilizobaki nafasi moja mbele. Tukianzia mwanzo: nafasi 0 yapata 2510, nafasi 1 yapata 3570, nafasi 2 yapata 4566. Ni sawa. Tukianzia mwisho: nafasi 2 yapata 4566, nafasi 1 yachukua kilichomo katika nafasi 2, ambacho sasa ni 4566, nafasi 0 yachukua 4566. Vituo vyote vimehamia kileleni.

Sauti ikikwaruza, mtu husikia. Namba ikikosea, huenda asisikie mtu. Wakazi wa pande za Meru wanajua kwamba maji ya maeneo mengi yao yana madini ya floraidi kwa wingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno yenye rangi ya kahawia ni ushahidi wake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uondoaji wa madini hayo. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme, kwa namba za kubuni kwa ajili ya somo hili, kifaa cha maabara chasoma 0.5 kwa maji ya msingi yasiyo na floraidi, kisha 1.9 kwa kisima cha kwanza na 2.4 kwa kisima cha pili. Ukiondoa msingi ipasavyo, wapata 0, 1.4 na 1.9: kisima cha kwanza kinafaa, cha pili hakifai. Msingi ukijifuta kama tulivyoona, wapata 0, 1.9 na 2.4: visima vyote viwili vyakataliwa, na kijiji chapoteza maji mema. Hakuna namba hata moja katika orodha hiyo ambayo kwa sura yake ingemshtua msomaji wa ripoti.

Namna Bora ya Kuandika

Kwa tatizo letu ipo dawa rahisi isiyohitaji ahadi yoyote:

int b = *msingi;
for (i = 0; i < n; i++)
    mwinuko[i] = mwinuko[i] - b;

Namba ya msingi imenakiliwa katika b kabla ya mzunguko. Hakuna aliyepewa anwani ya b. Kompaila ina hakika kwamba haina lakabu. Jibu ni 0, 1010, 2070, 3066 hata msingi ukiwa mwinuko[0], na njia ya mafungu iko wazi. Mwandishi ameandika alichokitaka, na kwa kufanya hivyo amepata usahihi na mwendo kwa pamoja.

Dawa hiyo haitoshi pale ambapo safu mbili nzima zinahusika. Hapo mwandishi achague: atoe ahadi ya restrict na aieleze kwa maandishi kwa kila atakayetumia kijiprogramu hicho, au akubali tahadhari ya kompaila. Asitoe ahadi asiyoweza kuilinda. Na kabla ya kutoa ahadi apime kwanza kama mzunguko huo kweli ndio unaochelewesha programu.

Jaribio la Darasani

Mwalimu aandike miinuko minne ubaoni, ndani ya visanduku vinne. Mwanafunzi mmoja awe prosesa, akae nyuma ya darasa na karatasi ndogo, ambayo ndiyo rejista. Kila anapotaka kusoma au kuandika namba, aende hadi ubaoni. Wanafunzi wengine wahesabu safari. Kwa njia ya tahadhari zitakuwa safari 12: kusoma mara nane na kuandika mara nne. Kwa njia ya kunakili msingi kwanza zitakuwa 9. Akiruhusiwa kubeba namba nne kwa pamoja zitakuwa 3 tu. Kisha jaribio lirudiwe, msingi ukiwa ni kisanduku cha kwanza, ili darasa lione kwa macho msingi ukijifuta.

Maswali

1. Fuata kijiprogramu cha kwanza, kama kilivyoandikwa, msingi ukiwa mwinuko[1]. Jibu ni nini? Jibu lililokusudiwa ni lipi?
2. Rudia swali la kwanza, msingi ukiwa mwinuko[3] na n ikiwa 4. Kwa nini safari hii lakabu haikudhuru?
3. Miinuko minne inasogezwa nafasi moja nyuma, kutoka nafasi 0 hadi 3 kwenda nafasi 1 hadi 4. Unakili uanzie wapi ili namba zisipotee? Kwa nini?
4. Kama msingi ungekuwa kielekezi cha namba zenye desimali, na mwinuko ukabaki safu ya namba nzima, kompaila ingelazimika kusoma msingi katika kila mzunguko? Toa sababu.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza: (1) Jibu linalopatikana ni -1010, 0, 3570, 4566, lililokusudiwa ni -1010, 0, 1060, 2056. (2) Njia zote mbili hutoa -3066, -2056, -996, 0, kwa kuwa msingi hubadilika katika hatua ya mwisho, baada ya kutumiwa na hatua zote.